Somo: sweta ikukae vizuri hata mkifuma kikundi (soma yote kabla ya kuuliza)

Hamjambo wote. Wiki hii peke yake nimeulizwa na watu sita kitu kimoja, "mbona uzi ni ule ule, sindano zile zile, tumepandisha mishono sawa, ya mwenzangu imemkaa na yangu imekuwa gunia?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Uzi nunueni wote siku moja, na namba ya rangi na ya mkupuo (Lot) kwenye karatasi ya donge ziwe moja. Maruni mbili dukani zinafanana, zitoe juani uone.

2. Pima kifua, mabega kwa nyuma, mkono, na urefu kutoka kwapa hadi unapotaka iishie. Vua gomesi (lile gauni letu refu la mshipi) kwanza! Ule mshipi na vitambaa vya ndani vinadanganya tepu. Pima juu ya blauzi nyepesi.

3. Ongeza nafasi. Huku kwetu Kapchorwa, milimani Uganda, asubuhi ni baridi, mtu anavaa sweta juu ya shati na fulana, kwa hiyo kifuani naongeza sentimita 8. Mtoto wa shule mpe 10, anakua.

4. Kipande cha kujaribu. Hapa ndipo nilipoharibu na ndipo nyote mnaporuka. Mwaka juzi tulikuwa tunafuma sweta ya baba mkwe wangu, kifua 92, pamoja na nafasi ikawa 100. Ili tuwahi mimi nikachukua mgongo, rafiki yangu akachukua mbele, tukatumia hesabu ya mkono wangu, mishono 22 kwa sentimita 10, yaani 110 kila upande. Tunakaa pamoja kila Jumamosi, chai moja, stori moja, wala sikuwaza kwamba mkono wake si wangu. Tulipolaza vipande kitandani mgongo ulikuwa 50 sawasawa, mbele 55. Mkono wake unatoa mishono 20. Nikaunganisha hivyo hivyo kwa sababu tulishaahidi, mshono wa ubavuni ukajikunja kama utumbo na mbele ikaninginia. Mzee akashukuru, akavaa siku moja, sikuiona tena mwilini mwake, na iliniuma sana.

Kwa hiyo: KILA MTU afume kipande chake, mraba wa kama sentimita 15, akifue, akikaushe, halafu apime sentimita 10 za katikati. Pembeni usipime, panajikunja. Usipime kikiwa bado kwenye sindano. Uzi wa akriliki usiupige pasi ya moto, unalegea na haurudi tena. Na kipande ukifumie pale pale mnapokaa na wenzako, maana mimi nikiwa peke yangu usiku nabana, tukiwa kwenye stori mkono unalegea, na nina hakika siko peke yangu. Ukishafuma sentimita 10 za sweta yenyewe, pima tena.

5. Hesabu: mishono ya sentimita 10 gawa kwa 10, zidisha na kifua pamoja na nafasi. Gawa mbele na nyuma, kila kipande ongeza mishono 2 ya kushonea.

6. Ukifika kwapa hamishia mishono kwenye uzi wa rangi nyingine, ujipimie mwilini. Bora ufumue hapo kuliko shingoni.

7. Mikono yote miwili afume mtu mmoja, ikiwezekana kwa pamoja kwenye sindano moja, kila mkono na donge lake. Hapo haitapishana urefu.

8. Shona, fua, anika chini juu ya taulo. Kwenye kamba inarefuka.

MASWALI

mama_pacha: Kifua 88, nipandishe ngapi?

Mimi: Hatua ya 4 na ya 5.

mama_pacha: Nyabo (dada), nambie tu namba, sina muda wa vipande

Mimi: Mkono wako siuoni, namba nitaitoa wapi? Kipande ni jioni moja. Kufumua sweta nzima unakujua.

kijana_wa_Mbale: Bibi yangu alifuma maisha yake yote bila kupima kipande na zilitukaa. Naona mnaifanya ngumu bure.

Mimi: Sijamsema bibi yako. Alifuma uzi wa aina moja na sindano zile zile miaka na miaka, zile sweta za kwanza ndizo zilikuwa vipande vyake. Muulize ya kwanza kabisa ilimkaa nani.

nuru_k: Samahani dada, mimi natumia spoku za baiskeli, mtaani kwetu wengi ndizo tunazo. Hesabu itabadilika? Na nikitaka uzi mnene nifanyeje?

Mimi: Swali zuri sana hili. Spoku ina kama milimita 2, kwa uzi mwembamba ni nzuri, ila mishono inakuwa midogo na mingi, kwa hiyo usichukue hesabu ya aliyetumia sindano ya milimita 4, fanya kipande chako tu. Uzi mnene kwenye spoku unatoa sweta ngumu kama mkeka. Chonga mianzi iliyokauka, sugua na msasa hadi kidole kisikwame, halafu paka nta ya mshumaa. Mbili ziwe unene mmoja, zipitishe kwenye tundu moja la kibao uhakikishe.

fatu_Busia: Nta ya mshumaa, asante! Mimi nafumua sweta za mivumba (mitumba) kupata uzi, ila mara nyingine unakatika katika, kwa nini?

Mimi: Geuza ndani uangalie mshono wa ubavu kabla hujalipa. Ukiona umekatwa na kuzungushiwa uzi wa cherehani, achana nayo, kila mstari utatoka kipande kifupi. Tafuta ile ambayo kingo zake ni nzima na mshono ni mnyororo. Ukifumua, zungushia mgongo wa kiti, funga sehemu nne, loweka maji ya uvuguvugu, kisha ning'iniza na kitu kizito kidogo chini, mawimbi yatanyooka. Usipime kipande kabla mawimbi hayajaisha.

mama_pacha: Nimefuma kipande. 19.

Mimi: Umekifua?

mama_pacha: Nakifua sasa hivi