Tairi Laini au Tairi la Meno? Kuchagua Tairi la Baiskeli kwa Barabara ya Lami

Kwenye gari, tairi kipara ni kosa, na trafiki akiliona anakuandikia. Ndiyo maana watu wengi wakionyeshwa tairi la baiskeli lisilo na mchoro wowote husita: hili si litaniangusha mvua ikinyesha? Kwa baiskeli ya lami jibu ni hapana. Tairi laini ndilo linaloshika zaidi, barabara ikiwa kavu au imelowa, na ndilo linalokwenda kwa jasho dogo. Tukisema laini tunamaanisha uso usio na meno wala mifereji. Hatuzungumzii mpira unaobonyea.

Itazame lami kwa karibu. Ni kokoto ndogo zilizogandishwa, zenye ncha na vishimo. Meno yako tayari barabarani. Mpira ukikandamizwa huingia kwenye vishimo hivyo na kung'ang'ania. Sasa piga hesabu: mwendeshaji wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 15, gurudumu la nyuma linabeba kama kilo 50. Tairi likiwa na upepo wa psi 60 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), sehemu inayogusa ardhi ni takriban sentimita 12 za mraba, ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Ukiligawa eneo hilo kwa meno na nafasi baina yake, mpira unaogusa lami unapungua, na hapo ndipo pa kushikia.

Meno yana hasara nyingine. Kila jino likifika chini linakunjwa, kisha linarudi, na nguvu ya kulikunja inatoka miguuni mwako. Ule mngurumo unaousikia ukipita kwenye lami kwa tairi la mlimani ni nguvu yako inayopotea. Kwenye kona hali ni mbaya zaidi: ukilala, uzito unahamia kwenye meno marefu ya pembeni, yanapinda, na tairi linaachia ghafla bila kukuonya.

Kuhusu maji, tairi la gari ni pana na bapa, maji hayana pa kutokea, hivyo mifereji inahitajika. Tairi la baiskeli ni jembamba na mviringo. Hupasua maji kama gubeti la jahazi. Majaribio ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya miaka ya 1960 kwa matairi ya ndege yalitoa kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukikokotoa: chukua kipeuo cha pili cha psi, zidisha kwa 16.7, unapata kilomita kwa saa ambazo tairi huanza kuelea juu ya maji. Gari lenye psi 30 linaelea kwenye kilomita 91 hivi. Baiskeli yenye psi 60 ingehitaji kilomita 129 kwa saa, na umbo lake jembamba linaisaidia zaidi ya hapo. Kwa hiyo ile mistari midogo unayoiona kwenye matairi mengi ya lami haifanyi kazi yoyote ya kutoa maji. Faida yake ni kukuonyesha tairi limelika kiasi gani.

Kinachoangusha watu wakati wa mvua ni vitu vingine: mistari myeupe ya rangi, vifuniko vya chuma, reli, na ile mvua ya kwanza ya vuli au masika inayochanganya vumbi na oili. Hapo hakuna mchoro wa tairi utakaokuokoa. Punguza mwendo, vuka reli kwa kuikata karibu na pembe mraba, na usishike breki ukiwa juu ya rangi.

Meno yana mahali pake: pale ambapo ardhi yenyewe ni laini kiasi cha jino kuzama. Matope ya wastani, majani mabichi, udongo uliolimwa. Kwenye mchanga mkavu wa pwani kinachosaidia ni upana wa tairi na upepo mdogo. Kwenye murram iliyoshindiliwa, tairi laini lenye upana wa milimita 38 au zaidi linapita bila shida. Na kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi meno hujaa tope ndani ya mita chache, ukabaki na tairi laini zito kuliko lote.

Basi kigezo ni njia yako ya kila siku. Ikiwa zaidi ya robo tatu ni lami na kilichobaki ni vumbi gumu, chukua tairi laini. Ikiwa kuna kipande cha kweli cha matope kila masika, chukua tairi la mchanganyiko: katikati ni laini, pembeni lina meno mafupi. Ukiwa wima unatembea juu ya ule ukanda laini, na meno yanashika kazi gurudumu linapozama. Ila kwenye kona ya lami kumbuka kwamba pembeni kuna meno, usilale sana. Baiskeli ya Phoenix, Hero au Avon yenye magurudumu ya inchi 28 kwa kawaida inakuja na tairi la mchoro mfupi uliobanana. Hilo linafaa lami kama lilivyo, usiligharamie.

Anayenufaika kuliko wote ni mwenye baiskeli ya mlimani ya mtumba, yenye tairi la meno la 26 x 1.95 au 26 x 2.1 (kipenyo kwa upana, kwa inchi), anayeitumia kwenda kazini kwa lami. Huyo anunue 26 x 1.5 laini. Tofauti ataisikia siku ya kwanza, hasa mlimani.

Kabla ya kutoa pesa, soma ubavu wa tairi la zamani. Usitosheke na "26" au "28", maana namba hizo zinadanganya. Tafuta namba mbili zenye kistari, kama 40-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi, na hiyo lazima ifanane kabisa. Baiskeli ya mlimani ya inchi 26 ni 559. Baiskeli nyingi za Kijapani zenye kikapu zimeandikwa 26 x 1 3/8, nazo ni 590. Tofauti ni milimita 31, haziingiliani kamwe. Inchi 28 ya Phoenix, iliyoandikwa 28 x 1 1/2, ni 635, wakati 700C, ambayo wauzaji wengine pia huiita 28, ni 622. Tairi la 635 juu ya ringi ya 622 litaingia kwa urahisi, litajaa upepo, kisha litachomoka ukiwa barabarani. Ukiona upana umeandikwa kwa sehemu, kama 1 3/8, usikubali tairi lililoandikwa kwa desimali, kama 1.5, hata muuzaji aape.

Tyubu nayo ibadilishwe. Tyubu ya 1.95–2.125 ndani ya tairi la 1.5 hujikunja, na mkunjo husagika mpaka utoboke. Soma sanduku: upana wa tairi lako uwe ndani ya vipimo vilivyoandikwa. Hakikisha pia vali inapita kwenye tundu la ringi. Vali nene ya aina ya gari haiingii kwenye tundu lililotobolewa kwa ile nyembamba.

Tairi la mtumba libonyeze kwa ukucha. Lisipopata alama, au ukilipinda likaonyesha nyufa ubavuni, mpira umekauka. Liache hata kama linang'aa. Mpira mgumu ndio unaoteleza kwenye maji.

Kufunga: tafuta mshale wa mwelekeo, kama upo. Weka nembo ya tairi mkabala na vali; siku ya pancha, ukiipata tundu kwenye tyubu utajua mwiba uko wapi kwenye tairi. Ingiza ukingo mmoja kwenye ringi, ipe tyubu upepo kidogo tu ili ipate umbo, ipitishe vali, kisha ingiza ukingo wa pili ukianzia upande ulio mbali na vali na kumalizia kwenye vali. Sehemu ya mwisho huwa ngumu. Toa upepo uliobaki, sukuma kingo zote mbili ziingie katikati ya ringi kuzunguka gurudumu zima, na utapata nafasi ya kumalizia kwa vidole gumba. Bisibisi hutoboa tyubu mpya, iache kwenye sanduku. Sukuma vali juu kidogo kisha ivute chini, ili tyubu isibanwe chini ya ukingo. Jaza nusu, zungusha gurudumu, angalia ule mstari mwembamba wa ubavuni: uwe umbali sawa na ringi pande zote. Mahali ulipozama, toa upepo, vuta kwa mkono, jaza tena.

Upepo ndio unaoharibu matairi mazuri. Kwa 26 x 1.5, mwendeshaji wa kilo 60 hadi 70 aanze na psi 55 nyuma na 48 mbele. Wa kilo 80 na zaidi, 65 na 55. Kwa 700 x 28, yaani 700C yenye upana wa milimita 28, mtu wa kilo 70 aanze na 80 nyuma na 70 mbele. Ukibeba gunia au abiria, ongeza nyuma, lakini usivuke namba ya juu iliyoandikwa ubavuni. Upepo mdogo unajulikana kwa pancha ya matundu mawili yanayokaa sambamba: tyubu imebanwa na ringi kwenye shimo la barabarani. Upepo mwingi unafanya baiskeli irukeruke na kupoteza mshiko. Kwenye kompresa ya kituo cha mafuta bonyeza kwa sekunde moja moja, kwa sababu tyubu ya baiskeli ni ndogo na hujaa kabla mshale haujatulia.

Kilomita chache za kwanza nenda polepole kwenye kona, uso wa tairi jipya huwa na utelezi wa kiwandani. Na kama umepunguza upana kutoka 1.95 hadi 1.5, baiskeli imeshuka karibu sentimita moja. Usipige pedali ukiwa umelala kwenye kona, itagusa chini.

Kama pesa inatosha tairi moja tu, lipya liende mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi unalidhibiti. La mbele likiteleza uko chini. Kwa kuwa la nyuma ndilo linaloisha haraka, wakati wa kubadilisha hamishia la mbele nyuma na kufunga jipya mbele. Tairi laini lisilo hata na ile mistari midogo halina mchoro wa kukuambia limekwisha, kwa hiyo angalia katikati: likiwa bapa kama limepigwa randa, nyuzi zikionekana, au pancha zikianza kufuatana, muda wake umefika. Kila wiki lipitishe kidole chenye kitambaa, chomoa vipande vya chupa kwa pini. Baada ya mvua fanya hivyo mapema zaidi, kwa kuwa chupa hukata mpira uliolowa kwa urahisi mno.