Programu ya nywila ikikataa kujaza, soma anwani kwanza

Ukitumia programu ya kutunza nywila kama Bitwarden, iache ijaze nywila yenyewe kwenye kivinjari, na ikikataa katika ukurasa unaodhani unaufahamu, usinakili nywila na kuibandika kwa mkono kabla hujaisoma anwani ya ukurasa huo herufi kwa herufi. Programu haiangalii rangi wala nembo, ambazo tapeli yeyote anaweza kuziiga. Hulinganisha jina la tovuti na lile ulilolihifadhi, hivyo paypal iliyoandikwa kwa tarakimu 1 mahali pa herufi ya mwisho kwake ni tovuti nyingine kabisa, hata kama jicho lako limeridhika. Kuna nyakati, hata hivyo, ambapo huduma halali huhamishia ukurasa wa kuingilia kwenye anwani mpya. Hapo fungua tovuti kwa kuandika mwenyewe anwani unayoijua, kisha fuata kiungo chake cha kuingia, na ukikuta kinakupeleka kwenye anwani ileile mpya, iongeze kwenye kumbukumbu za programu. Mbinu hii haifui dafu pale kompyuta yenyewe ilipoingiwa na programu hasidi inayonasa kila unachokiandika, na ndiyo maana kwenye kompyuta za intaneti kafe nakusihi usiifungue kabisa programu yako ya nywila.