Kuiga Boksi la Spika la Gitaa kwa Programu

Gitaa la umeme likichomekwa kwenye kompyuta na kupitishwa katika programu ya amplifaya pekee, husikika kali na lenye mikwaruzo, kwa sababu spika ya gitaa ya inchi 12 hupunguza sana sauti zilizo juu ya takriban kilohezi 5, na hapa spika hiyo haipo. Pengo hilo huzibwa na faili fupi la WAV, liitwalo IR (impulse response), lililohifadhi namna boksi fulani la spika lilivyoitikia mbele ya maikrofoni fulani.

Chomeka gitaa katika tundu la ala la kadi ya sauti, si la maikrofoni. Katika Reaper, programu ya kurekodi muziki, weka kwanza programu ya amplifaya, zima boksi la kuigiza lililomo ndani yake ili sauti isichujwe mara mbili, kisha ongeza NadIR, programu ya bure ya kusoma mafaili ya IR, na upakie faili. Mwangwi hufuata baadaye.

Kuchagua faili ndiko kwenye kazi yenyewe. Kwa roki, ningeanza na spika ya Celestion Vintage 30 iliyorekodiwa kwa maikrofoni ya Shure SM57. Maikrofoni ikiwa katikati ya koni ya spika, mlio hung'aa, na ikisogezwa ukingoni hupoa. Linganisha mafaili machache katika kiwango kilekile cha sauti, maana lenye sauti kubwa hudanganya sikio, tena wimbo mzima ukiwa unacheza, kwani mlio unaopendeza ukiwa peke yake mara nyingi humezwa na besi na ngoma.

Anayetumia amplifaya halisi ya valvu asiiwashe bila spika au kifaa cha kubeba mzigo wake, kwani transfoma yake inaweza kuungua.