Namna ya Kuzuia Vitunguu Visigawanyike Shambani

Kitunguu maji kinachogawanyika na kuwa pacha hushushwa daraja sokoni, na chanzo chake kimo kwenye kitako, yaani lile shina fupi lililo juu ya mizizi. Humo, homoni ya oksini inayotengenezwa kwenye ncha changa hushuka na kuvizuia vichipukizi vya pembeni, ilhali saitokinini, homoni nyingine ambayo kwa sehemu kubwa hutoka mizizini, huviamsha, na hapo kitunguu hugawanyika. Jiberelini, homoni ya tatu ambayo pia hunyunyizwa kwenye mazao, huzuia machipukizi katika mpunga, lakini katika jamii ya vitunguu imeonekana kuyachochea. Kwa hiyo usiinyunyize kwa sababu tu jirani ameisifu kwenye zabibu zake.

Anza na mbegu, kwani urithi una nguvu kubwa: mbegu uliyoizalisha kutoka vitunguu pacha ina uwezekano mkubwa wa kukurudishia pacha. Hamisha miche ikiwa na unene wa penseli, takribani wiki 6 hadi 8 baada ya kusia. Iliyonenepa kupita hapo hugawanyika kwa urahisi. Mbolea ya kukuzia igawe katika awamu ndogo, kwa sababu naitrojeni nyingi kwa mara moja huongeza saitokinini na kuvuruga uwiano, na umwagiliaji usiwe wa kiangazi leo na mafuriko kesho.

Kabla ya kuvuna, ng'oa vitunguu vichache kutoka pembe tofauti za shamba, uvikate kwa upana katikati na kuhesabu viini. Kinachotakiwa ni kiini kimoja. Viwili au vitatu, kila kimoja kikiwa na duara zake, vinaonyesha kwamba vichipukizi viliamka mapema.