Kupanga Mazoezi ya Wiki: Yapi Huchosha, Yapi Huumiza Misuli

Anayetaka kupanga mazoezi yake vyema hana budi kutenganisha mambo mawili, kuchoka na kuumia misuli. Kuchoka huja papo hapo: pumzi hukatika, miguu huwa mizito, na akiba ya sukari iliyomo misulini, iitwayo glaikojeni, hupungua, ukila vizuri na kulala, nguvu hurudi kwa siku moja au mbili. Kuumia ni nyuzi za misuli kuchanika kidogo kidogo, na maumivu yake huchelewa, yakafikia kilele kati ya saa 24 na 72. Asidi ya laktiki, ambayo wengi huilaumu, huwa imekwisha kupungua ndani ya saa moja hivi.

Kinachoumiza zaidi ni msuli kurefuka huku ukizuia uzito. Ukipanda vilima vya mchanga vya Shela, kisiwani Lamu, paja hujifupisha, moyo huenda mbio na jasho hutiririka, lakini kesho yake maumivu si makubwa. Ukirudia kushuka ngazi za nyumba ya ghorofa mjini Lamu, zile zenye vidato virefu, pumzi haikusumbui sana, ila paja huzuia mwili kila hatua, na keshokutwa utashuka ngazi hizo hizo ukiegemea ukuta. Kuruka kichura, mbio fupi za kasi na kushusha vyuma polepole ni mazoezi ya kundi hili la kuumiza. Kuogelea na baiskeli huchosha sana na huumiza kidogo. Kukimbia kwenye mchanga tifutifu hupunguza kishindo, ingawa hudai nguvu nyingi zaidi na huvilemea vigimbi. Anayeanza na akimbie maji yakiwa yamekupwa, mchanga ukiwa mgumu.

Basi, mwenye mechi Jumamosi aruke kichura Jumatatu, kisha Jumatano au Alhamisi aogelee. Aanze na seti mbili fupi tu za kichura, kwa kuwa misuli iliyokwisha kuonja zoezi hilo hata kwa kiasi kidogo haiumii sana inaporudia, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Kwa sababu hiyo, naona si haki kocha kuwaadhibu vijana wasiozoea kwa kichura kisicho na mwisho: nguvu ya paja huweza kubaki pungufu kwa siku kadhaa, na kijana hupelekwa uwanjani hali hajapona. Maumivu si kipimo cha zoezi zuri. Yakikushika, tembea au ogelea taratibu. Kujinyoosha hakuyapunguzi kwa kiasi cha maana.

Misuli ikivimba sana na mkojo ukawa wa rangi ya kahawa, hiyo ni dalili kwamba misuli iliyoharibika inamwaga protini yake damuni na kuhatarisha figo. Mtu huyo apelekwe hospitali mara moja, hata ikibidi kutafuta boti usiku.