Somo: Kuandika riwaya au tamthiliya ya mtoto anayekua

Somo hili ni la anayeanza hadithi ambayo mhusika anaingia akiwa mtoto na kutoka akiwa kijana. Mifano ni ya mwaloni Kibirizi, ufukwe wa kushushia dagaa hapa Kigoma, maana wengi wetu hapa ni wa Kigoma na Tabora. Andaa kaunta buku moja na kalamu ya rangi mbili. Kompyuta itakuja baadaye.

Hatua ya 1: Jaza sentensi moja

Miaka peke yake haimkuzi mhusika. Anaweza kutoka darasa la kwanza hadi kidato cha nne, akafiwa, akahama, akapenda, na ukurasa wa mwisho bado ni yuleyule. Kwa hiyo kabla ya sura yoyote jaza hii: *Mwanzoni alidhani… mwishoni alijua…*

Mfano wetu: mwanzoni Zaituni alidhani mzee anayechukua beseni la dagaa kila wiki ni ndugu yao, mwishoni alijua ni mdai wao. Sentensi ikizidi mistari miwili, una riwaya mbili mkononi. Chagua moja.

Hatua ya 2: Jedwali la umri

Chora safu tano: mwaka, umri, darasa, nyumbani, mjini. Zaituni amezaliwa 2002, basi darasa la kwanza ni 2009, la saba 2015, kidato cha kwanza Januari 2016. Hapa waandishi wengi huanguka. Wanamrudisha nyumbani mtoto huyu kwa kukosa ada katika shule ya serikali, wakati ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia mwezi huohuo. Ukitaka akwame, mkwamishe kwa sare, madaftari au nauli.

Safu ya mjini iwe na majira pia. Dagaa huvutwa kwa mwanga wa taa, hivyo mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu na mitumbwi hupumzika. Ukiandika taa zimetapakaa ziwani chini ya mbalamwezi, msomaji wa Katonga, mwalo mwingine wa Kigoma, atafunga kitabu. Lakini ona unachopata ukiijua kazi: siku za mwezi mpevu ni siku ambazo nyumbani hakuna pesa. Mzee akija siku hizo, mama atampa nini? Sura imejiandika. Kwa Tabora, angalia mabani ya tumbaku (vibanda vya kukaushia majani yake) na msimu wa maembe kwa namna hiyohiyo.

Hatua ya 3: Tukio moja lirudi mara tatu

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote. Chagua tukio dogo la kawaida, liandike mhusika akiwa na miaka 7, 10 na 13. Vitu visibadilike, macho ndiyo yabadilike.

Miaka 7:
*Mama alihesabu mabeseni. Yalikuwa sita. Babu mwenye kofia akachukua moja, mama akasema ahsante. Babu akanipa kashata.*

Miaka 13:
*Mama alihesabu mabeseni. Yalikuwa sita, na nilijua yatabaki matano. Alisema ahsante huku akiangalia changarawe. Kashata ilinyooshwa kwangu. Mikono yangu nikaiweka nyuma.*

Hakuna neno "deni", wala "nilielewa". Mtoto wa miaka 7 anatoa taarifa: idadi, kofia, kashata. Msomaji mtu mzima anashtuka kabla yake, na pengo hilo kati ya anachokiona mtoto na anachokijua msomaji ndilo linalomfanya aendelee kusoma. Ukilijaza mapema kwa maelezo, umeua hadithi.

Sasa shika kalamu nyekundu, pitia sura za utotoni, piga mstari chini ya kila neno ambalo mtoto wa umri huo hasemi: "unyonyaji", "kimsingi", "hatima". Ukikuta zaidi ya matatu katika ukurasa mmoja, usirekebishe neno mojamoja. Andika ukurasa upya.

Hatua ya 4: Gawa kurasa

Ukurasa wa kitabu hubeba maneno 250 hadi 300, kwa hiyo maneno 40,000 ni kurasa kama 150. Utoto upe robo tu. Nusu nzima iende kwenye miaka miwili au mitatu ambayo mabadiliko yanatokea. Usianze na kuzaliwa kwake. Anza siku ya kwanza anayoikumbuka mwenyewe.

Hatua ya 5: Ikiwa ni tamthiliya

Kadiria ukurasa mmoja wa mazungumzo kwa dakika moja. Jukwaani umri uonekane kwenye kitu kilichobebwa: onyesho la kwanza dumu la lita 5, la pili ndoo ya lita 10, la tatu ndoo ya lita 20 kichwani bila kushikwa. Mwigizaji mkubwa asibane sauti ili awe mtoto, ukumbi utacheka mahali pa kulia. Apunguze urefu wa sentensi, na awe anauliza zaidi ya anavyojibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kasulu: Shikamoo mwalimu. Nimefika ukurasa wa 60, mhusika yuko darasa la pili bado. Nifute?

Marahaba. Usifute. Tafuta katika hizo 60 matukio yanayogusa sentensi yako ya hatua ya kwanza. Hayo yabaki, mengine yahamishie daftari la pembeni. Aghalabu sura ya kwanza ya kweli iko katikati ya rundo hilo.

Kutoka Urambo: Kinyamwezi niweke kiasi gani?

Salamu, majina ya vyakula, na neno la mtu mwenye hasira au huzuni. Bibi akisema "mwangaluka" na mjukuu akapiga goti, kila mtu ameelewa. Maana usiifafanue pembeni, kitendo kifafanue. Wa Kasulu naye afanye hivyo kwa "mwakeye", salamu ya Kiha.

Kutoka Ujiji: Nafsi ya kwanza au ya tatu?

Dada, nafsi ya kwanza inakufunga: mtoto asipokuwepo, hakuna tukio. Kwa hadithi ya siri ya nyumbani, kifungo hicho ni faida. Ukitaka kumwonyesha mzazi naye akiwa peke yake, tumia ya tatu, kama Kezilahabi alivyofanya katika *Rosa Mistika* (1971).

Kutoka Tabora mjini: Nina wanafunzi 14, mchezo una wahusika 5. Wengine wakae?

Hapana, mwalimu. Wape mhusika mkuu watatu, mmoja kwa kila umri, wakabidhiane ndoo jukwaani mbele ya watazamaji. Waliobaki wawe soko: wapanga bei, wapakiaji, watu wa kituo cha treni. Jambo moja tu la kuchunga: wakati wa kukabidhiana ndoo, soko zima linyamaze.

Kutoka Ujiji tena: Na kama mama kwenye hadithi ni mama yangu kabisa, na yuko hai?

Badilisha kazi yake, mtaa, na idadi ya watoto. Kisha msomee sura mbili kwa sauti kabla hujampa mchapishaji yeyote. Akikuambia "hapa sikusema hivi", mwulize alisemaje, na uandike.