Blood Bowl: kucheza na timu inayokuzidi sarafu laki nne na nusu

Bei na takwimu zote hapa ni za toleo la 2020 la Blood Bowl, mchezo wa mezani wa sanamu na dadu unaofanana na futiboli ya Kimarekani. Ligi yenu ikitumia kitabu kingine, pitieni bei upya kabla ya kununua chochote. Mfano ni mmoja tu, timu yako ya Halflingi (watu wafupi) yenye thamani ya 1,000,000 dhidi ya Orki (majitu ya vita) wenye 1,450,000, kwa sababu hapo ndipo kila kosa la timu dhaifu linapoonekana wazi.

Anza na hesabu ya kuumia. Halflingi ana deraya ya 7+ (yaani inavunjwa na 7 au zaidi; alama hii ya + ina maana hiyohiyo kwa kila dadu hapa chini). Akiangushwa, dadu mbili zinavunja deraya hiyo mara 21 kati ya 36. Ikivunjika, kwa kuwa yeye ni mdogo wa umbo, jumla ya 7 au zaidi kwenye dadu za majeraha inamtoa uwanjani, iwe kazimia au kaumia: tena 21 kati ya 36. Kwa hiyo kila Halflingi anayeanguka ana uwezekano wa 34% wa kutoka. Orki mwenye deraya ya 10+ akianguka, uwezekano wake ni 7% hivi. Mkipigana pigo kwa pigo, unaisha wewe.

Blitza, mshambuliaji wa Orki, ana nguvu 3 na ujuzi wa Block (haanguki dadu ya pigo ikionyesha wote wawili chini). Dhidi ya Halflingi mwenye nguvu 2 anatupa dadu mbili na kuchagua anayoitaka. Dodge, ujuzi wa Halflingi wa kukwepa, inafuta uso wa kujikwaa kwenye dadu ya pigo, hivyo Blitza anamwangusha 56% ya mara, na jumla ya kumtoa uwanjani ni 19%. Big Un (Orki mkubwa) asiye na Block anafika 10%. Nguvu zake 4 bado zinampa dadu mbili tu, kwa kuwa 4 ni mara mbili kamili ya 2, wala si zaidi. Troli mwenye nguvu 5 ndiye anayepata tatu. Blitza wanne na Big Un wawili wakikupiga katika zamu moja, unapoteza karibu mchezaji mmoja kila zamu, na kipindi kina zamu nane. Kocha wa Orki akiwa na nafasi ya blitsi peke yake, yaani lile pigo moja la kukimbia analoruhusiwa kila zamu, anakutoa mmoja katika zamu tano. Kazi yako dakika zote ni kupunguza idadi ya mapigo anayoweza kupiga. Mengine yote yanafuata hapo.

Manunuzi kabla ya mechi

Mwenye timu kubwa ananunua kwanza, na kila sarafu anayotoa kwenye hazina yake inaongezwa kwenye fungu lako. Subiri amalize ndipo upige hesabu. Kwa tofauti ya 450,000 kuna vikapu viwili vinavyoeleweka.

Kikapu cha kwanza: Mpishi Mkuu (100,000 kwa Halflingi, timu nyingine hulipa 300,000), nyota Deeproot Strongbranch (280,000), pipa moja la bia (50,000) na kocha msaidizi wa muda (20,000). Jumla ni 450,000 kamili. Mpishi hutupa dadu tatu mwanzoni mwa kila kipindi, na kila 4+ inakupa rudio moja (haki ya kurusha dadu upya) na kumnyang'anya mpinzani moja. Wastani ni rudio moja na nusu kwa kipindi, na upande wa kumnyang'anya ndio wenye thamani zaidi. Orki wa kawaida asiye na rudio anashindwa kuokota mpira mara moja katika tatu. Pipa la bia linawaamsha waliozimia kwa 3+ badala ya 4+ kila mpira unapoanzishwa upya, na Halflingi huzimia sana.

Deeproot ni Mtu-Mti mwenye nguvu 7. Ana Block, na haoti mizizi (hakwami mahali pamoja) kama wenzake. Ukijumlisha Watu-Miti wako wawili unapata watatu, na watatu ndio idadi ya chini inayotakiwa kwenye mstari wa katikati. Hakuna Halflingi anayelazimika kusimama pale kupokea mapigo ya zamu ya kwanza. Hilo peke yake linahalalisha bei yake. Angalizo: nyota anahesabiwa ndani ya wachezaji 16. Ukiwa na 16 walio tayari kucheza, huwezi kumkodi hata kama fedha ipo, na makocha wengi hugundua hivyo mezani, mpinzani akiwa ameshapanga timu.

Kikapu cha pili: Mpishi (100,000), mchawi (150,000), rushwa moja kwa refa (100,000) na tabibu wa kukodi (100,000). Hiki ni cha kocha anayetaka kuiba mpira. Orki mbeba mpira hutembea ndani ya kizimba, wenzake wanne wakiwa kwenye pembe. Halflingi anaweza kuingia humo bila shida kubwa, kwa kuwa hapunguziwi na wapinzani wanaoukaba (waliosimama jirani na) mraba anaoingia: anahitaji 3+, na Dodge inamrudishia dadu, jumla 8 kati ya 9. Shida inakuja akishafika. Nguvu 2 dhidi ya 3 maana yake dadu mbili anazochagua mpinzani, na kumwangusha mbeba mpira asiye na Block wala Dodge ni 1 kati ya 9. Kumletea msaada hakusaidii, maana msaidizi atakuwa anakabwa na wale wa pembeni na msaada wake unafutika. Mpira wa moto wa mchawi unafunika mraba uliolengwa na minane inayouzunguka, na kila aliyesimama humo anaanguka kwa 4+. Kizimba kizima, kwa nusu ya bahati. Utumie mara tu zamu ya mpinzani inapoisha, ukiwa na Halflingi wawili au watatu tayari karibu. Bila watu wa kuokota mpira umetupa sarafu 150,000.

Usiache fedha mezani ukitegemea maombi kwa Nuffle, mungu wa mchezo huu. Unapata ombi moja kwa kila 50,000 kamili za tofauti inayobaki baada ya manunuzi, na jedwali la pande 16 linatoa mema na ya hovyo. Salio la 40,000 halikupi kitu.

Kupanga timu na kujilinda

Uwanja una upana wa miraba 15: minne kila pembeni, saba katikati. Pembeni hawaruhusiwi zaidi ya wawili kila upande. Weka Miti mitatu kwenye mstari, na Halflingi wote nyuma, wawili wawili, kukiwa na angalau mraba mmoja mtupu kati yao na mahali Orki watakapofika kwa kusukumana na Miti. Big Un anahitaji wasaidizi wawili ili alingane na nguvu 6 ya Mtu-Mti na kutupa dadu moja, na watatu ili apate mbili. Kocha wa Orki akikusanya watu wanne kuuangusha mti mmoja, mwache. Hao wanne hawamsindikizi mbeba mpira.

Mwisho wa kila zamu yako pitia Halflingi mmoja mmoja: nani amegusana na Orki aliyesimama? Kila jibu ni pigo la bure. Lakini usijaribu kuwachomoa wote, yaani kuwaondoa kwa dadu ya kukwepa. Halflingi watano wakichomoka mfululizo, nafasi ya wote kupita ni 55% tu, na wa kwanza kuanguka anaikatisha zamu nzima. Chomoa walio mbele ya Blitza na wenye Tackle, ujuzi unaofuta Dodge (dhidi ya Block na Tackle pamoja, kuangushwa kunapanda hadi 75%). Aliye mbele ya Big Un anaweza kusubiri.

Na aliyelala mwache alale. Mchezaji aliye chini hapigwi pigo la kawaida, anachezewa rafu tu, na rafu ni moja kwa zamu. Kumsimamisha Halflingi katikati ya Orki watatu ndilo kosa linaloonekana zaidi katika mechi hizi. Msimamishe pale tu mbeba mpira anapotaka kupita njia yake, au mti ulioanguka unapomhitaji: Mtu-Mti ana mwendo wa 2 na huinuka kwa 4+, na kila mwenzake aliyesimama ubavuni bila kukabwa anaongeza 1 kwenye dadu hiyo. Halflingi wawili kando ya mti ulioanguka wanaigeuza 4+ kuwa 2+.

Mpango wenyewe wa kujilinda ni kumfanya Orki afunge mapema. Yeye anataka kusogea polepole zamu saba akipiga, kisha afunge ya nane. Mwachie upande mmoja wazi ifikapo zamu ya tatu au ya nne. Akifunga, umeokoa wachezaji watatu au wanne na una zamu za kujibu.

Kufunga

Ukishinda kurusha sarafu, pokea mpira. Wapo wanaosema anza kwa kupiga ili umalizie kipindi cha pili ukiwa na mpira, lakini kipindi cha pili Halflingi wako watakuwa sita. Funga wangali kumi na mmoja.

Silaha kuu ni kumrusha mwenzako. Kutoka mstari wa katikati hadi eneo la kufungia ni miraba 13: mti unarusha hadi 6, Halflingi anakimbia 5, na miwili ya ziada anaipata kwa 2+ kila mmoja (69% kwa yote miwili). Mpangilio ni huu. Halflingi wa kwanza anaokota mpira na kumkabidhi mkononi wa pili, aliye ubavuni mwa mti na ambaye hajacheza zamu hiyo. Mti unamrusha huyo wa pili. Akitua salama bado ana mwendo wake wote. Wanaokosea humwokotesha yuleyule atakayerushwa. Akitua anakuwa ameshacheza, na anasimama na mpira katikati ya Orki akisubiri kupigwa. Kumbuka pia kwamba Mtu-Mti wa kawaida akipata 1 anapoanza kucheza anaota mizizi. Bado anaweza kurusha, ila hasogei, hivyo msafiri awe ameshagusana naye kabla. Mrushwa hupeperuka mara tatu kutoka mraba uliolengwa, basi lenga mbali na mstari wa pembeni. Akianguka akiwa na mpira, zamu imekatika, kwa hiyo kila hatua isiyohitaji dadu iwe imeshafanyika.

Rafu

Halflingi ni sarafu 30,000, Big Un ni 90,000. Big Un aliyelala, akikanyagwa na mmoja peke yake, deraya inavunjika mara moja katika sita. Wasaidizi watatu wasiokabwa wakizunguka, inahitajika 7 tu, 58%. Dadu zikitoka pacha, kwenye deraya au kwenye majeraha, refa anamtoa mkanyagaji. Rushwa inamrudisha kwa 2+. Cheza rafu kila zamu ambayo mpira uko mbali, tena juu ya mwenye ujuzi mwingi; Orki mpya wa 50,000 hastahili kupotezewa muda.

Ukiwa nyuma 3–0 usikunje mikono. Kila bao unalofunga linaongeza sarafu 10,000 kwenye mapato yako na pointi 3 za uzoefu kwa mfungaji.

Kocha wa Orki naye ana la kufanya: asitoe hazina yake kununua vikorokoro, na awaache wachezaji wawili nyuma kabisa, miraba mitatu au minne mbele ya eneo lake la kufungia, kila mara Mtu-Mti mmoja angali amesimama na zamu ya mwisho ya kipindi haijachezwa.